Chunusi za mgongoni zimegoma kuisha? Angalia kwanza ni vipele gani, dawa baadaye

Nakaa kaunta ya duka la dawa, na haipiti wiki bila mtu kunigeuzia mgongo na kupandisha tisheti kabla hata salamu haijaisha, "dada hebu ona, nipe dawa kali." Shida inaanzia hapo hapo kwenye hilo neno kali, mana wengi wameshapaka kali mbili tatu na ukiutazama mgongo wenyewe unakuta siyo chunusi, ni fangasi, au ni krimu yake mwenyewe ndo inamtoa vipele. Mgongo una ubaya huo, kila mtu anauona isipokuwa mwenye nao.

Kwaiyo kabla hujatoa hela mpe mtu simu akupige picha mchana karibu na dirisha, flashi azime, flashi inafuta vipele vyote. Alafu ikuze hiyo picha uangalie vitu vitatu: vipele vyote vina saizi moja au vimechanganyika? Kuna vichwa vyeusi? Na vinawasha, au vinauma, au havikusumbui kabisa? Ukishajua hayo shuka chini utafute mgongo unaofanana na wako.

Vimechanganyika: vingine vina vichwa vyeusi, vingine usaha, vingine vigumu chini ya ngozi

Hizo ndo chunusi zenyewe. Kila tundu la unyweleo lina tezi inayotoa mafuta, na mabegani na mgongo wa juu tezi hizo ni nyingi. Ngozi iliyokufa inachanganyika na hayo mafuta inaziba tundu, bakteria ambao wanaishi humo siku zote wanazaliana, mwili unavimba kujibu. Hamna cha damu chafu hapo. Anayekunywa dawa ya kuharisha ili asafishe damu ataharisha tu, na wale wa "ukiolewa zitaisha", nahudumia wamama wa watoto watatu bado wanazo.

Kinacholeta sana ni homoni na kurithi. Balehe inawasha moto, na kama baba yako mgongo wake una makovu basi unajua ulipotoa. Hii huizuii, unaitibu tu.

Kinachofuata ni mafuta, na hapa ndo tunajiharibia wenyewe. Mtu anatoka kuoga anajisiliba mafuta ya mgando au siagi ya kakao mgongo mzima, anavaa nguo ya kubana, anaingia kwenye daladala saa saba mchana. Miguu na viwiko vipake utakavyo, mgongo wenye chunusi hauhitaji mafuta mazito. Ukikauka sana tumia losheni nyepesi ya maji maji. Alafu kuna mafuta ya nywele, wenye rasta ndefu nisikilizeni: ile mafuta unayopaka kichwani ili zing'ae inashuka kwenye rasta na rasta zinalala mgongoni kutwa, usiku zinalala nawe kwenye shuka. Rudi kwenye picha, kama vipele vimejazana pale pale nywele zinapoishia, jibu unalo. Kondishena nayo ni hivo hivo, inachuruzika mgongoni wakati wa kusuuza. Dawa yake haina gharama, osha nywele kwanza, zibane juu, mgongo uoshe mwisho kabisa.

Tatu ni msuguano na jasho. Dereva boda mwenye jaketi zito, mwanafunzi na begi lake, mdada wa jimu na brazia ya mazoezi inayobana. Hapa vipele vinafuata mstari wa mkanda au umbo la begi, utaviona vimejipanga. Jasho peke yake siyo kosa, kosa ni kukaa nalo masaa manne kwenye nguo iliyolowa. Vua, oga, kama huwezi kuoga basi badilisha tisheti. Pamba inasaidia kuliko zile jezi nzito za nailoni za mtumba.

Kwa wanawake kuna sababu ya nne ambayo siyo ya kila mtu ila ikipita bila kuonwa utapaka miaka: hedhi inaruka miezi, ndevu zinaota kidevuni, uzito unapanda, na chunusi zimeshika taya na mgongo. Hapo huenda ovari zina shida ya homoni, nenda ukapimwe, krimu peke yake haitamaliza.

Chakula? Ninachoweza kukuambia bila kukudanganya ni kwamba sukari nyingi, vyakula vinavyopandisha sukari haraka, maziwa kwa baadhi ya watu, na zile protini za unga za jimu vimehusishwa na chunusi. Karanga na chipsi zinasingiziwa zaidi ya makosa yao.

Matibabu ya nyumbani. Cha kwanza ni benzoili peroksaidi, ya kuoshea kama ipo, anza na asilimia 2.5 au 5, siyo 10 siku ya kwanza. Unapaka mgongoni unaiacha dakika 2 mpaka 5 alafu unasuuza vizuri. Unaoga kwa ndoo na kopo? Hiyo hiyo, jimwagie kidogo, paka, osha miguu na mambo mengine huku unahesabu, alafu malizia. Inaua bakteria, na bakteria hawajengi usugu dhidi yake kama wanavyofanya kwa antibayotiki. Ubaya wake inatafuna rangi ya nguo. Mteja mmoja alileta sare ya shule ya mwanae, shati la bluu lina mabaka ya rangi ya chungwa mgongoni kama limemwagiwa jiki, na taulo pia. Tafuta taulo jeupe na tisheti ya kulalia ambayo huionei huruma.

Kama vichwa vyeusi ni vingi, sabuni au losheni yenye asidi ya salisiliki asilimia 2 inasaidia kuzibua. Ikipita wiki sita mpaka nane hujaona unafuu, muulize mfamasia kuhusu adapalini asilimia 0.1, unapaka usiku tabaka jembamba kwenye ngozi kavu, siku moja ndiyo siku mbili hapana, mpaka ngozi izoee. Mwanzoni itakauka na kubanduka kidogo. Mjamzito au unayetafuta mimba, adapalini achana nayo, benzoili peroksaidi inaruhusiwa ila mwambie mhudumu hali yako.

Hapa simama uende kwa daktari wa ngozi: mabonge makubwa yanauma, yanaacha mashimo au makovu ya kuvimba, au miezi mitatu imepita ya kutumia vizuri na hamna kitu. Atakayekuandikia doksisaiklini, antibayotiki ya kumeza, akupe na muda wa kuiacha, kawaida ni miezi kama mitatu na siyo mwaka, inaendana na benzoili peroksaidi, na haifai kwa mjamzito wala mtoto chini ya miaka 8. Tafadhali usije kaunta kuomba "zile rangi mbili" ukameze siku tatu ukaacha. Isotretinoini ndo nzito kuliko zote na inafanya kazi kweli, lakini inaharibu mtoto tumboni vibaya mno, mwanamke anapimwa mimba na anapewa uzazi wa mpango kabla ya kuanza. Mtu akikuuzia kwa mkono, mrudishie.

Vinawasha, vidogo, vyote saizi moja, havina vichwa vyeusi

Hii ndo inayodanganya watu kuliko zote. Vimetapakaa mgongo wa juu, mabega, kifua, pengine na paji la uso, jasho likitoka tu vinawasha kama umemwagiwa upupu.

Ukanda wa pwani na joto letu, nikiona hivi nawaza fangasi wa vinyweleo kwanza. Ni fangasi anayeishi kwenye ngozi ya kila mtu, anapenda joto na jasho, na anakula mafuta. Ndo mana ukimpaka mafuta ya nazi unamletea chakula mezani, na ukimeza antibayotiki unamfukuzia majirani wake, anabaki na nyumba nzima. Yani dalili kubwa ni hii: "nilipewa antibayotiki ya chunusi ndo vikazidi." Mara nyingi mtu huyo ana na mabaka meupe meupe au ya kahawia ya mba shingoni, ni ukoo huo huo wa fangasi.

Jaribu shampuu ya ketokonazo asilimia 2, ndiyo ile ya mba ya kichwani. Paka mgongoni na kifuani, itoe povu, iache dakika 5 mpaka 10, suuza. Fanya mara tatu kwa wiki kwa wiki tatu au nne, alafu mara moja kwa wiki ili visirudi, mana vinapenda kurudi kila msimu wa joto. Ukiona muwasho umepungua ndani ya wiki mbili umepatia. Visipokwisha kuna vidonge vya fangasi ila hivyo viandikwe na daktari, na vidonge vya ketokonazo usikubali kupewa, vina hatari kwa ini, shampuu ni sawa.

Cha pili ni harara, vipele vya joto. Vidogo sana, vingine kama matone ya maji, vinachoma choma, vimekuja ndani ya siku moja mbili za joto kali au umeme ulipokatika feni ikazima usiku. Poza mwili, oga maji ya baridi, vaa pamba, usipake kitu kizito. Vinaondoka vyenyewe.

Cha tatu, uliza nyumba nzima. Kama usiku ndo unakesha unajikuna, na mdogo wako naye, na kuna vipele katikati ya vidole na kiunoni, huo ni upele, unaambukiza, mnatibiwa wote siku moja na mashuka yanafuliwa.

Vimetoka ghafla vingi kwa mpigo, na hukuwa na chunusi

Swali langu la kwanza huwa unapaka nini mwilini. Watu wananijibu "losheni tu." Nawaambia nileteeni kopo. Mara nyingi ni mchanganyiko wa dukani, ile ya kuchota kwa kijiko kwenye kopo kubwa isiyo na lebo, au tyubu yenye klobetasoli au betamethasoni ndani. Hizo ni steroidi, dawa halali za pumu ya ngozi zilizogeuzwa za kung'arisha. Zinatoa vipele vinavyofanana vyote, kifuani na mgongoni, ngozi inakuwa nyembamba, michirizi inatokea mapajani. Umeitumia miezi na miezi? Usiitupe leo ukasema umemaliza, ukiacha ghafla ngozi inaweza kulipuka wekundu na kuungua, nenda kwa wa ngozi akupunguzie kwa utaratibu.

Vidonge vya kunenepesha navyo viko humu. Vingi ni deksamethasoni au prednisoloni, na kama umemeza kwa wiki nyingi, hivi ni hatari hasa kuviacha ghafla kwasababu mwili umeshasahau kutengeneza homoni yake. Nenda hospitali useme ukweli, hamna atakayekucheka, au akucheke, bora kuliko kuanguka.

Vijana wa jimu, sindano za kujaza misuli zinatoa chunusi mbaya mgongoni na mabegani. Najua mnajua.

Mwisho ni dawa za hospitali: isoniazidi ya kifua kikuu, fenitoini ya kifafa, na nyinginezo chache. Vipele hivyo vinavumilika, TB haivumiliki. Dozi usiruke, mwambie nesi wa kliniki yako.

"Nimetumia wiki tatu, sioni kitu" au "imezidi"

Wiki tatu ni mapema. Mgongo unataka wiki 8 mpaka 12, na anayebadilisha dawa kila siku kumi atakuwa anaanza upya mpaka uzeeni.

Ila kuna kosa jingine ambalo nilichelewa kulijua, dawa haifiki. Mkono wako unaishia mabegani na kiunoni, pale katikati hapajapakwa hata siku moja. Kuna mwanafunzi wa chuo anayekaa geto peke yake alinifundisha mimi: alichukua mwiko mrefu, akaufunga kitambaa laini cha pamba mwishoni kwa mpira wa nywele, akawa anapakia dawa kwenye kitambaa anajipaka mwenyewe huku anaangalia kwenye kioo. Kitambaa anafua kila siku mbili. Wiki ya tano ile katikati ya mgongo ikaanza kutulia, dawa ni ile ile aliyokuwa anailaumu.

Kosa la tatu, dodoki. Wanasugua mpaka mgongo unawaka, wakidhani chunusi ni uchafu. Dodoki lenyewe linaning'inia bafuni limelowa wiki nzima. Weka pembeni, tumia mkono au kitambaa laini. Na sabuni ya mche ya kufulia ni ya nguo.

Imezidi kabisa, inaungua, inabanduka, imevimba? Umeweka vingi kwa mkupuo. Acha vyote siku tano sita, osha kwa sabuni ya kawaida isiyo na manukato, kisha rudisha kimoja kimoja. Limau na dawa ya meno usirudishe. Limau ukitoka nalo juani linaunguza ngozi na kuacha doa jeusi la miezi, nimeona alama za vidole kabisa mgongoni kwa mtu, vya dada yake aliyempaka. Ila ukivimba uso au midomo baada ya kupaka au kupumua kukawa shida, hiyo ni aleji, hospitali sasa hivi.

Ni kimoja tu, kikubwa, kinauma

Kinaweza kuwa jipu la kawaida: kitambaa cha maji ya moto kiasi, dakika 10, mara tatu nne kwa siku, na mikono mbali. Usilikamue, wala usimpe mtu alikamue kwa kucha. Majipu yakirudi rudi pima sukari. Likiwa na midomo mingi, au una homa, au wekundu unatambaa, linapasuliwa hospitali.

Kama kina tundu dogo katikati linalotoa maji, na unasikia kitu kinatekenya ndani, usicheke, huenda kuna funza. Kuna inzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa nje kivulini au kwenye majani, ukivaa yanaanguliwa na kuingia kwenye ngozi. Paka mafuta ya mgando mazito juu ya tundu akose hewa, na mpe nesi amtoe, ukimkamua vibaya anapasukia ndani. Ndo mana bibi alikuwa anapiga pasi mpaka chupi na mishono ya tisheti, hakuwa anajionyesha.

Na kama ni malengelenge yaliyopangana upande mmoja tu wa mgongo, maumivu ya moto yalikuja siku kadhaa kabla, huo ni mkanda wa jeshi. Dawa yake inafanya kazi vizuri ikianza ndani ya saa 72, usizipoteze kaunta kwangu. Ukiwa kijana watakushauri upime VVU, pima.

Vipele vyenye homa na tezi kuvimba, au chunusi zilizogeuka vidonda ghafla pamoja na homa na viungo kuuma, hiyo siyo kazi ya duka la dawa. Kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Zimeisha, zimeacha madoa

Doa bapa jeusi siyo kovu, kwa ngozi zetu ni kawaida na linafifia lenyewe kwa miezi. Adapalini inaliharakisha, asidi ya azelaiki asilimia 15 au 20 pia, na mjamzito anaweza kuitumia. Mgongo ukiwa wazi ufunike na jua. Ukikimbilia krimu ya kung'arisha unarudi kule kwenye vipele vya steroidi. Kovu lililovimba, gumu, linawasha na linazidi kukua nje ya mpaka wake ni keloidi, hili linachomwa sindano na daktari wa ngozi, na kulikata ovyo kunaweza kuleta kubwa zaidi.

"Nina sendofu baada ya wiki mbili na gauni lina mgongo wazi"

Huyu anakuja kila msimu. Ndani ya wiki mbili hutamaliza chunusi, ila unaweza usizidishe: benzoili peroksaidi ya kuoshea kila siku kama ngozi yako inaikubali, acha kukamua leo, acha mafuta mazito, usianze adapalini sasa ukabanduka siku ya picha, na skrabu ya saluni siku mbili kabla waambie hapana hata kama iko kwenye pakeji. Aliyekuja mwezi wa nane alikasirika nikamwambia hivyo. Akaenda kwa fundi akamwekea lesi mgongoni, gauni likawa zuri kuliko lilivyokuwa, na benzoili peroksaidi akaendelea nayo. Mwezi wa kumi na moja alinionyesha picha ya mgongo wake kwenye simu, kapigwa picha na mumewe dirishani, flashi imezimwa.